Karatasi ya Chai

Chai ya mikutano siinywi tena. Nikisikia harufu ya chai iliyopikwa kwa sufuria kubwa, maziwa yameungua kidogo na tangawizi imezidi, tumbo linanigeuka. Wenzangu wa kanisani wanadhani nina vidonda vya tumbo na wananiletea dawa za kienyeji kwenye chupa za soda. Nawashukuru, kisha namwaga. Ugonjwa wangu naujua.

Jina langu ni Kalondu. Nashona yunifomu za shule katika soko la Tulia, kwenye varanda ya duka la mbegu, na kazi hii nimeifanya miaka ishirini na minane. Watoto wa hapa nawajua kwa vipimo kabla sijawajua kwa majina. Nina daftari kubwa lenye gamba jeusi ambamo kila mtoto ana mstari wake: kifua, kiuno, urefu wa sketi au kaptula, na urefu kutoka kiunoni hadi ardhini. Hicho cha mwisho mafundi wengi hawakichukui. Mimi nakichukua kwa sababu mtoto hukua, na nikijua alikuwa wapi nitajua nimwachie pindo kiasi gani.

Mwaka jana, muhula wa pili, nilianza kuletewa nguo zilizochanika. Nguo za watoto kuchanika si habari. Wanapanda miti, wanavutana, wanaruka ua. Lakini hizi zilichanika upande mmoja tu, wa kushoto, na mchano wenyewe ulikuwa wa aina moja: kitu kimeingia kwa ncha, kikashika, kikararua kushuka chini. Sketi, kaptula, hata sweta za wale wadogo wa Gredi ya Kwanza. Zote zilikuwa za Kilimaneema, shule ya kibinafsi ya Bwana Mwau, iliyo kwenye barabara ya kwenda Migwani. Nilishona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ilipofika ya tano niliweka sindano chini nikafungua daftari.

Msichana wa Gredi ya Sita alikuwa amechanika pajani. Yule wa Gredi ya Kwanza alichanika karibu na kiuno. Ukipima kwenye nguo, hakuna kinacholingana. Lakini nilipochukua urefu wa kila mtoto na kupima kutoka ardhini, zote tano ziliangukia mahali pamoja: inchi ishirini na nne. Maana yake kulikuwa na kitu kigumu chenye ncha, kimesimama mahali fulani inchi ishirini na nne kutoka chini, na watoto wote walikuwa wanapita hapo.

Sikuwa na haja ya kwenda mbali kuuliza. Mjukuu wangu Nzisa, ambaye wakati huo alikuwa na miaka tisa, alikuwa amekaa juu ya gunia la vitambaa akila ndizi. Ndiye mwanafunzi wa Kilimaneema ninayemlea mwenyewe, kwa kuwa mama yake anafanya kazi hotelini Emali.

"Ni kwa basi, susu," akasema. Susu ni nyanya, kwa Kikamba chetu. "Chuma ya kiti imetoka, hapo tu ukiingia. Ukipita haraka inakushika."

"Dereva anajua?"

"Anajua. Anatuambia tupite na upande." Akameza ndizi. "Hata mlango ya nyuma imefungwa na kamba. Ile ya kufunga mbuzi. Mimi ndio hukaa hapo, wakubwa wanakaa mbele."

Kutoka kwetu hadi Kilimaneema ni kilomita kumi na moja. Mtoto wa miaka tisa hawezi kuzitembea asubuhi na jioni. Basi lilikuwa hilo moja. Nilimwambia Nzisa ajishike vizuri kwenye kiti. Hayo ndiyo maneno niliyompa, mtu mzima mimi: ajishike vizuri.

Sasa nieleze habari ya kamati, maana hapo ndipo uozo wote ulipo. Mwanzoni mwa mwaka, chifu aliitisha baraza akasema wananchi sasa wana haki ya kuangalia wanavyohudumiwa. Ikaundwa kamati ya watu saba. Kazi yetu ilikuwa mambo mawili: kukagua mabasi ya shule, na kuangalia kama polisi wa kizuizi cha barabarani wanayakagua kama inavyotakiwa. Mimi nilichaguliwa kwa sababu wazazi wote wananijua, na pia, tusidanganyane, kwa sababu siku hiyo nilikuwa nimekaa kiti cha mbele. Mwenyekiti akawa Mzee Kiilu, mzee wa kanisa letu na karani mstaafu, mtu anayependa mkutano kuliko jambo lililoitisha mkutano.

Tulikuwa tunakutana katika ukumbi wa kanisa. Kabla ya maombi, kabla hata ya kusalimiana, karatasi ya majina ilikuwa inazungushwa. Kasyoka, mpishi wa kanisa, alikuwa akiingoja jikoni ili ajue ni vikombe vingapi. Kama jina lako halimo, kikombe chako hakimo. Juu ya karatasi hapakuwa na kitu, si tarehe wala kichwa. Kichwa kitaandikwa baadaye, alikuwa anasema Mzee Kiilu, mwandishi akipata nafasi. Sisi tulijaza tu: jina, namba ya kitambulisho, simu, sahihi. Tumefanya hivyo kwenye mradi wa maji, tumefanya hivyo kwenye mbegu za msaada, tunafanya hivyo hata kwenye mikutano ya matanga. Hakuna mtu huku kwetu aliyewahi kuuliza karatasi ile huenda wapi ikitoka jikoni.

Na mimi nilikuwa naringa. Sahihi yangu ni nzuri. Herufi ya kwanza ina mkia unaopita chini ya jina lote na kurudi juu. Nilijifunza kuiandika nikiwa darasa la saba, na kila nilipoiandika watu walisema, angalia mkono wa fundi. Nilipenda kuwa wa kwanza kwenye karatasi ili wengine waione.

Katika mkutano wa Juni nilisimama nikaeleza habari ya chuma na kamba ya mbuzi.

"Mwaitu Kalondu, hiyo ni jambo ya maana sana," Mzee Kiilu akasema. Mwaitu, kwa Kikamba, ni kusema 'mama yangu'. Ndivyo mwanamume mwenye adabu anavyomwita mwanamke wa rika langu, na mzee yule adabu alikuwa nayo tele. "Tutaiweka kwa minitsi. Lakini tusikimbie. Mwau ni mtu wetu, ametuletea shule. Tukianza na vita hii kamati itakufa."

"Mimi siongei vita, mzee. Naongea chuma. Basi iko hapo nje ya posho mill kila jioni. Twende sisi saba sasa hivi, tuingie, tuone."

"Tutapanga siku."

"Si leo ni siku?"

Watu wakacheka kidogo, ule ucheko wa kukuomba ukae. Mlango wa jikoni ukafunguliwa, chai ikaingia na mandazi, na kila mtu akageuka kuangalia sinia. Nami nilikaa nikanywa. Nilikunywa vikombe viwili.

Julai tulikutana tena, na Agosti tena. Siku ya kwenda kuona basi haikupangwa. Katika minitsi za Juni iliandikwa kwamba kamati ilijadili mambo ya usafiri kwa amani na upendo.

Nilikwenda Migwani kumwona Ng'ang'a, fundi wa magari, ambaye alikuja huku kutoka Murang'a akiwa kijana na sasa ana wajukuu wanaoongea Kikamba kuliko mimi. Nilimkuta chini ya pikapu, miguu tu ndiyo inaonekana. Nilimwuliza kuhusu basi la Kilimaneema. Alitoka akajifuta mikono.

"Mama Kalondu, hiyo gari nilikataa kuishika," akasema. "Ilitoka Makueni. Wazazi wa huko waliingia ndani wenyewe, wakashika kila kiti, mmoja akapiga mlango ya nyuma teke ikafunguka. Wakasema watoto yao hawataipanda. Ndio Mwau akaichukua, akapiga rangi."

"Na ukanyamaza?"

"Ningeambia nani? Si nyinyi ndio kamiti?"

Nilirudi Tulia nimeinama.

Kesho yake nilisimama kwenye kizuizi cha polisi nikangoja basi. Lilikuja limejaa, watoto wamesimama katikati, nyuso zimebanwa kwenye vioo. Sajenti hakulisimamisha. Aliinua mkono akalipungia, dereva naye akapiga honi mbili, kama watu waliosoma pamoja. Nilimwuliza kwa nini halikagui.

"Hiyo iko na karatasi, mama," akasema huku akichokonoa meno. "Hata kamati yenu imeipitisha. Uliza chairman wako."

Nilimwuliza Mzee Kiilu Jumapili hiyo hiyo, baada ya ibada. Alicheka akasema polisi hupenda kusema lolote ili mtu aondoke. Nilimwamini. Nilimwamini kwa sababu kumwamini kulikuwa rahisi, na kwa sababu wiki hiyo Bwana Mwau alikuwa amekuja kwenye varanda yangu mwenyewe, viatu vinang'aa, akatabasamu na kusema, "Mama, naskia unataka kupima basi yangu na tepu. Si uwachie watu wa magari kazi yao? Wewe ni wa nguo." Kisha akaniachia oda ya sweta za mwaka ujao, za shule nzima.

Niliichukua. Hapa ndipo ninapojitia kinyaa mwenyewe. Niliichukua, nikasema asante, nikaendelea kushona michano. Ilikuwa inakuja miwili kwa wiki, wakati mwingine mitatu, nami naiziba vizuri, kwa mshono mdogo usioonekana, mzazi anafurahi. Sikuona kwamba nilikuwa nalifichia basi aibu yake. Kitu kimoja tu nilifanya sawasawa, tena kwa mazoea: kila nguo ninayoitengeneza huwa nakata ile kingo iliyochakaa, naibana kwa pini kwenye ukurasa wa mtoto pamoja na tarehe, ili nijue rangi ya uzi niliyotumia. Daftari likaanza kunenepa.

Jumanne moja ya Septemba, saa kumi jioni, basi lilishuka kwenye kivuko cha mto mkavu, pale barabara inapozama ghafla kisha ikapanda kwa kishindo. Lilipokuwa linapanda, watoto wote waliosimama waliteleza nyuma. Kamba ya mbuzi ikakatika na mlango ukafunguka. Watoto wawili walianguka barabarani, mvulana mmoja na Nzisa wangu. Mvulana alichubuka magoti na uso. Nzisa alivunjika mguu mahali pawili. Dereva alikwenda mita mia mbili kabla ya kusikia watoto wakipiga mayowe, kwa kuwa redio ilikuwa juu.

Nilimkuta hospitalini Kitui, amelala kwenye kitanda kikubwa kuliko yeye, vumbi bado limo kwenye nyusi. Aliponiona hakulia. Alisema, "Susu, sketi imechanika tena." Mtoto alikuwa ananiomba msamaha! Nilitoka nje nikatapika kwenye maua ya hospitali.

Wiki mbili baadaye afisa mmoja alitumwa kutoka Kitui mjini kusikiliza kesi. Alikuwa mwanamke wa makamo, wa maneno machache, mwenye miwani iliyoning'inia shingoni. Baraza lilifanywa kwenye ukumbi ule ule wa kanisa na wazazi walijaa hadi dirishani. Nje, chini ya jua, basi lilikuwa limeegeshwa, limeoshwa, mlango mpya wa nyuma umechomelewa na rangi yake haijakauka vizuri. Bwana Mwau alisimama akiwa na faili mkononi.

"Sisi Kilimaneema tunaheshimu wananchi," akasema. "Hii ajali inatuuma. Lakini basi ilikaguliwa. Iko ripoti ya kamati."

Afisa alivaa miwani akasoma kwa sauti. Ripoti ilisema kwamba tarehe kumi na nne Juni, wanakamati ambao majina yao yameambatanishwa waliingia ndani ya basi, wakapima breki, wakashika viti na kufungua milango yote, wakaridhika kwamba basi ni salama kwa watoto. Akageuza ukurasa. Ukurasa wa pili ulikuwa na majina saba, na juu kabisa, lenye mkia unaopita chini na kurudi juu, lilikuwa langu.

Niliijua karatasi ile papo hapo. Kwenye pembe yake ya chini kulikuwa na duara la kahawia, alama ya kikombe cha chai.

Ukumbi wote ukanigeukia. Mwanamke mmoja nyuma yangu, ambaye sketi ya binti yake nimeishona mara mbili, alisema taratibu, "Kumbe ni yeye." Mzee Kiilu alikuwa amekaa kando yangu. Aliniinamia hadi nikaona makombo ya mandazi kwenye ndevu zake.

"Mwaitu, tulia," akaninong'oneza. "Tuseme tulikagua, mlango ikaharibika baadaye. Hakuna mtu ataumia. Hata oda yako itabaki."

Hakuna mtu ataumia, na mtoto wangu amelala nyumbani na mguu mzito kama gogo. Nilimtazama yule mzee, makombo yale, vidole vyake safi vya karani vilivyokunjwa juu ya Biblia, na nilihisi kile unachohisi ukikanyaga kitu laini gizani. Nikasimama.

"Hiyo sahihi ni yangu," nikasema.

"Kwa hivyo mlikagua basi?" afisa akauliza.

"Hatukukagua. Hatujawahi ingia hiyo basi hata siku moja. Hiyo sahihi niliweka ya chai."

Watu wengine walicheka. Bwana Mwau akainua mkono kwa upole. "Mama ana uchungu ya mtoto. Tumwelewe."

"Uchungu ninao, lakini akili sijapoteza," nikamjibu. "Karatasi ilikuja bila kichwa, nikaandika jina ndio nihesabiwe kikombe. Sisi wote saba. Nilikuwa wa kwanza, tena naringa. Angalieni hapo chini, hiyo ni alama ya kikombe. Nani hukagua basi akiwa amebeba chai?"

Nilitazama wenzangu watano wa kamati. Mmoja alikuwa anafunga kamba za kiatu. Wengine walikuwa wanasoma ukuta. Hakuna aliyefungua kinywa. Aliyefungua ni Kasyoka, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi.

"Hiyo karatasi ni yangu," akasema. "Hata hapo nyuma niliandika kwa penseli, saba na sukari. Nilihesabu vikombe, nikaipatia Mzee Kiilu mkononi. Yeye ndiye ajue aliipeleka wapi."

Afisa akageuza karatasi. Penseli ilikuwepo. Mzee Kiilu alianza kutafuta miwani yake mfukoni, na miwani ilikuwa usoni.

"Sawa," afisa akasema. Alionekana kuchoka nasi sote. "Haikukaguliwa. Lakini hiyo haimaanishi ilikuwa mbovu. Mlango nilioukuta hapa leo ni mzima, na kamba sijaiona. Uko na ushahidi mwingine?"

Nilikuwa nimekuja na daftari langu kwenye kiondo. Nilifungua nikaanza kubandua pini na kupanga vitambaa mezani kwake, kimoja kimoja, na kila kimoja nikataja mtoto, gredi na tarehe. Vilikuwa kumi na tisa. Wazazi walikuwa wanainuka kila wanaposikia jina la mtoto wao. Nikamweleza afisa habari ya inchi ishirini na nne, nikamwomba twende nje na tepu yangu.

Tulikwenda, yeye na mimi mbele, umati nyuma. Niliingia kwenye basi nikapiga magoti. Wale waliolitengeneza walikuwa wametengeneza kile kilichoonekana kwenye ajali, mlango wa nyuma, na kuosha kile kinachoonekana na mtu akiwa nje. Kiti cha kwanza kushoto hawakukigusa. Chuma kilikuwa bado kimejitokeza, kimesuguliwa kwenye ncha hadi kinang'aa. Niliweka tepu sakafuni nikaivuta juu. Ishirini na nne. Na pale ncha inapoungana na kiti kulikuwa na kifundo cha nyuzi za rangi ya damu ya mzee, rangi ya Kilimaneema, zimejisokota humo miezi na miezi. Nyuzi zile nazijua. Nimezinunua mimi mwenyewe Kitui.

Ng'ang'a alikuwa amekuja kutoka Migwani kwa baiskeli yake. Aliingia nyuma yetu bila kuombwa, akapiga teke mguu wa kiti cha tatu. Kiti kikalala.

"Hii si kiti," akasema. "Hii ni mapambo."

Afisa alitoka, akamwita sajenti, akamwambia ang'oe namba za basi. Ni sajenti yule yule wa kupunga mkono. Alizing'oa kwa bidii sana, jasho linamtoka, akitutazama mara kwa mara ili tuone anavyofanya kazi. Ningekuwa na mate mdomoni ningetema.

Ungedhani niliridhika. Ngojeni kwanza. Tulirudi ukumbini, afisa akaandika taarifa yake kwa mkono, ukurasa mmoja na nusu, akasema wanakamati na wazazi wanaokubaliana nayo waje waweke sahihi. Jikoni Kasyoka alikuwa ameinua mfuniko wa sufuria na harufu ilikuwa imeingia. Watu wakapanga foleni. Wa kwanza, mbele ya wote, alikuwa Mzee Kiilu. Aliinama, akaandika jina lake haraka kwa mwandiko wake wa ofisini, akatia nukta, akaenda kukaa karibu na mlango wa jikoni. Hakusoma neno moja. Wa pili hakusoma, wa tatu naye hakusoma. Yule mwanamke aliyesema kumbe ni yeye alisaini akiwa anaongea na mwenzake.

"Umesoma?" nikamwuliza.

"Si ni ile ya basi?" akasema.

Walikuwa wanalihukumu basi kama walivyolipitisha, kwa kalamu ile ile na kwa njaa ile ile. Kama karatasi ile ingesema nyumba zao zibomolewe kesho, wangesaini, wakauliza mandazi yako wapi. Na mimi nilikuwa mmoja wao hadi juzi. Hilo ndilo lililonichefua kuliko Mwau. Mwau angalau alisoma alichokuwa anakifanya.

Zamu yangu ilipofika nilivuta kiti nikakaa. Nilisoma mstari kwa mstari, kidole chini ya maneno. Nyuma yangu walianza kuguna. Mstari wa sita ulisema basi lilipatikana na kasoro ndogo ndogo.

"Madam, hii 'ndogo ndogo' ni nini?" nikauliza.

"Ni lugha ya ripoti tu, mama."

"Mguu ya mtoto imevunjika mahali pawili. Toa hiyo."

Alinitazama, akatoa kalamu, akakata. Niliendelea. Karibu na mwisho palikuwa pameandikwa kwamba kamati ya wananchi ilishirikiana vyema. Nikaweka kidole hapo nikakiacha. Akakata na hiyo, kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka. Mtu mmoja kwenye foleni alisema kwa sauti kwamba chai inapoa. Nilisoma hadi nukta ya mwisho, ndipo nikaandika jina, nikachukua kiondo changu na kuondoka. Kasyoka alinifuata nje na kikombe. Nilimwambia sitaki, akaelewa, akakimwaga chini ya mti wa ua.

Oda ya sweta ilirudishwa Ijumaa kwa ujumbe wa simu. Kamati bado ipo, na Mzee Kiilu bado ndiye mwenyekiti. Nasikia wanasubiri kupanga siku ya kuona basi jipya. Mimi naliona kila Jumatatu asubuhi, naingia ndani na tepu, na dereva mpya amezoea kuningoja. Hakuna aliyenichagua kwa hilo.

Jioni ile ya baraza nilifika nyumbani jua likiwa bado lipo. Nzisa alikuwa sebuleni, mguu wake juu ya mto, plasta imejaa maandishi. Wenzake wa darasa walikuwa wamekuja kumwona na kila mmoja aliacha jina lake, kwa kalamu nyekundu, bluu, kijani. Tangu wiki iliyotangulia alikuwa ananiomba niandike langu, nami nikawa namkwepa kwa kusingizia kazi.

"Susu, ni wewe tu umebaki," akasema, akaninyooshea kalamu. "Andika ile yako ya mkia."

Nikakaa chini kwenye mkeka. Nikauinua mguu wake kidogo, taratibu, nikaanza kusoma kuanzia kwenye goti. Pona haraka. Mungu yuko nawe. Syombua ni rafiki yako. Nikaugeuza ili nione upande wa chini. Hapo, kwa herufi ndogo, mtoto mmoja alikuwa ameandika: pole, mimi ndio nilikunyima kiti ya mbele.

"Unatafuta nini?" Nzisa akauliza.

"Nasoma."

"Lakini ni majina tu, susu."

"Najua," nikamwambia, na nikasoma yote yaliyobaki. Kisha nikaandika Kalondu, bila mkia.